Majani Aliyoyakataa Ngaju

Mama, umeniuliza tena kwenye simu
kazi yangu hapa Bukavu ni ipi hasa,
na wa kanisani umewaambia naosha vyupa.
Si uongo. Vyupa naosha.

Lakini leo, kabla jua halijagusa Muhungu,
nilisaga jani lako,
lile la ukingoni mwa shamba, lenye vinywele,
ambalo mbegu zake hung'ang'ania suruali ya Baba
hadi mlangoni, hadi kitandani,
ukazichambua kwa ukucha huku ukimlaumu.
Nililisaga katika kinu kisichozidi kidole gumba,
nikatia chumvi, nikatia pombe kali ya baridi,
ukaelea uzi mweupe
mwembamba kama ute wa mashanza
unaofuata kijiko.
Ndani ya uzi huo
mna kila kitu jani linachokumbuka.

Kisha mashine. Usicheke, ni sanduku tu,
linapasha, linapoza, linapasha,
tisini na nne, hamsini na tano, sabini na mbili,
mara thelathini na tano, kama rozari.
Katika mzunguko wa ishirini na tisa umeme ukakatika.
Bwana Zihalirwa akatoka kutafuta mafuta ya jenereta,
akarudi na nusu bido na habari za bei.
Nikaanza upya.

Jioni nikaiwashia jeli taa ya buluu.
Nilikuwa natafuta mstari mmoja,
ule unaosema: mimi nauweza udongo mchungu,
huu wetu mwekundu unaoteremka kila mvua
kulipaka ziwa rangi ya tofali.
Jani la kituo, lililotoka mbali ndani ya bahasha,
lilikuwa nao, mnene, mnyofu.
Lako halikuwa nao.

Nikatazama tena,
kama anayehesabu pesa mara ya pili
akijua hazitaongezeka.

Ndipo nikakumbuka Juni, nilipokuletea fungu la lile la kituo,
kijani kibichi katikati ya kiangazi,
lako likiwa limejikunja, kahawia.
Nikamwekea Ngaju. Akalinusa.
Akaninusa mimi. Akageuza kichwa
kama mkwe aliyeletewa ng'ombe kilema.
Ukasema: Nankafu, hata njaa ina ulimi.

Neno hilo halimo katika vitabu vyangu.
Nimelipima siku nzima.

Basi kesho saa kumi na moja alfajiri,
maua yakiwa bado yamefumba,
nitashika kibano cha nyusi
nilichonunua Kadutu, franka elfu mbili,
nilifungue ua lako lingali usingizini,
niling'oe chavua yake chembe kwa chembe,
nilipake ya yule mgeni asiyependwa na Ngaju,
nilifunge uzi mwekundu nisilisahau.
Maua mia. Yakishika matatu nitacheza.
Watoto wao, na wajukuu, nitawauliza wakiwa wadogo,
jani moja kila mche, uzi mweupe kila jani,
nisingoje ukame ndio unijibu.
Uchungu nao una alama yake; nao nitaufuata.

Hata hivyo ni miaka sita, Mama.
Pengine saba.

Na Ngaju ana kumi na minne.
Ndiye aliyebaki usiku ule walipoondoka na sita,
ndama kimya katikati ya migomba,
na sasa magego yamekwisha.
Sitakudanganya kwamba ataonja.

Ila usiufyeke ukingo ule.
Mbegu zikinasa kwenye kitenge chako usizitupe,
zifunge katika upindo,
mpe kijana wa moto anayeshuka Ijumaa.
Hapa nina daftari la ndoa za maua.
Penye baba nimeandika namba ndefu ya bahasha.
Penye mama nimeandika: Ngaju.
Bwana Zihalirwa amelisoma, akavua miwani, akaifuta.
Jina hakulifuta.